Zamu ya Kunyunyiza

Njiru, saa kumi na moja na nusu. Giza bado.
Natia gea ya pili, nafungua koki ya nyuma,
na boza linaanza kutiririka
kutoka lango la machimbo hadi kibanda cha uji cha Mutheu.
Lita elfu nane. Nalipwa kulaza vumbi.

Lakini vumbi halilali. Linasinzia,
jicho moja wazi,
mpaka saa tatu malori ya kokoto yaliamshe,
nalo liondoke bila kunawa uso
kwenda kubisha nyumba kwa nyumba:
hodi kwenye sufuria ya maharagwe,
hodi kwenye daftari la hesabu la Kioko,
hodi kwenye pafu la Ongeri,
ambaye hakuuliza ni nani,
maana walishazoeana, miaka kumi na tisa
akitoboa mwamba kwa mashine kavu.
Hospitalini walimwonyesha picha ya kifua chake.
Akacheka: "Hili si anga la Julai?"

Mpira wa maji wa ile mashine upo. Nimeuona stoo,
umejikunja kama nyoka aliyeshiba,
kando ya maturubai yasiyojua mzigo.
Hutolewa siku ya mkaguzi.
Siku hiyo lori linafunikwa kama bibi harusi,
barakoa zinagawiwa langoni asubuhi
na kuhesabiwa jioni zikirudi,
nami naambiwa, "Zunguka mara nne, Barasa, usionee dizeli huruma."
Mkaguzi anavuta pumzi, anaandika, anatia sahihi.
Kesho yake nazunguka mara moja.

Jumanne Nduku alisimama mbele ya bampa,
mitungi sita ya njano miguuni.
"Wiki ya tatu mabomba yanakohoa tu,
na wewe unanywesha njia.
Niambie, hii barabara ina watoto wangapi?"
Nikasema ni maji ya shimo, yana chumvi, hayanyweki.
"Nani kasema kunywa? Kuna nguo."

Nilimjazia yote sita.
Nilijua yatapungua mahali,
na yakapungua: hatua thelathini za njia kavu,
penyewe, kwa bahati yake, mbele ya mlango wake.
Mchana kutwa nilipita pale nikitazama pembeni.

Jioni nikarudi. Kamba imejaa sare za shule.
Na chini, toka kizingiti chake hadi ng'ambo ya njia,
ardhi nyeusi, imeloa, povu bado linapasuka:
alikuwa amefua, akasuuza, kisha akayamwaga
beseni kwa beseni
pale nilipoparuka.

Nikazima injini.
Barabara yote niliyoilaza mimi ilikuwa imeshaamka,
inatembea hewani.
Pale tu palikuwa pamelala,
pananukia sabuni ya mche.