Nichapie Nilichokubali

Aliingia dukani saa nne, mvua imekatika,
akaitua mlangoni ndoo ya chupa za asali
isije ikaniletea nyuki kwenye mashine.
Nyamizi Kashindye, wa Sikonge, huuza hapa karibu na stendi ya Tabora.
Akanipa simu, kioo kina ufa kama njia ya siafu.
"Nichapie nilichokubali."

Nikadhani ni risiti.

"Siku ile nilipokopa elfu themanini
palikuwa na maandishi madogo na kitufe kikubwa.
Nikabonyeza kitufe.
Leo nataka maandishi."

Kurasa thelathini na nane.
Ukurasa mia mbili, hesabu fanya mwenyewe;
nikampunguzia hadi elfu saba,
akalipa kwa noti zinazonata.

Akaketi kwenye benchi, akaomba kalamu nyekundu.
Alisoma kama asomavyo mizani ya ushirika:
kidole kwanza, jicho baadaye, mdomo mwisho.

"Huenda tukakusanya majina yaliyomo simuni mwako."
Akaipigia mstari huenda.
"Huenda tukafahamu mahali ulipo."
Mstari.
"Huenda tukawashirikisha wengine."
Kalamu ikatoboa karatasi.

"Huenda ni neno la mawingu," alisema.
"Aliyekwisha kula hasemi huenda nikala.
Mimi nilichelewa siku tatu,
ya nne simu yangu yote ikajua:
mwalimu wa hesabu wa mwanangu,
mkunga wa Ipuli,
fundi aliyeniezekea bati, ambaye nilimmaliza hadi senti,
mkwe ambaye hatujasemezana tangu mahari.
Hata Mihayo, kaka yangu, tuliyemzika masika yaliyopita,
namba yake sikuwa na moyo wa kuifuta,
naye wakamwandikia: mkumbushe ndugu yako."

Sikuwa na la kusema. Mashine ilipumua joto.

Ukurasa wa kumi na tisa akacheka peke yake.
"Washirika wetu tunaowaamini!
Ushirika mimi naujua, kijana.
Una katibu mwenye kikohozi, una leja,
una mkutano ambamo mtu husimama akauliza
kilo zangu mbili zimekwenda wapi.
Hawa washirika, mkutano wao lini?
Na mimi niwaamini, au wameshaaminiana wenyewe?"

Akainuka, akatoa chupa ya nusu lita,
kibandiko kimeandikwa kwa mkono, herufi zimelala kidogo:
Asali ya msituni. Imerinwa Juni.
Mzinga wa tatu uliingia moshi mwingi, utauonja.

"Na bado inanunuliwa," alisema.

Nikatikisa kichwa kama mtu asiyehusika.
Hawa watu, nikasema, hawana haya.

Kuruthumu akapita na sinia la karanga.
Nyamizi akanunua za mia mbili,
akatafuna taratibu, macho barabarani,
mpaka ikabaki chumvi tu;
kisha, kwa kuwa siku ile mkono ulishazoea kusoma,
akakunjua karatasi.

Ndani yake nusu ya uso wa mwanamume,
namba ndefu ya kitambulisho,
mwaka wa kuzaliwa, sahihi iliyopinda,
na konani mkwaruzo mweusi
ambao katika mji huu mzima
ni mashine yangu tu inayouacha.

Karatasi zilizoharibika humpa Kuruthumu. Tangu mwaka juzi.
Naye hunipa karanga.
Hakuna aliyeniuliza; sikumwambia yeyote.

Akakung'uta chumvi,
akailaza karatasi mezani pangu, uso juu,
akairudishia kalamu nyekundu kofia yake.

"Na hili," akauliza, wala si kwa ukali,
"liliandikwa ukurasa wa ngapi?"