Namba 412

Kadutu, saa tisa usiku. Umeme umekatika tena,
nahesabu kwa tochi ya simu:
pamba, uzi, glovu jozi mbili,
upasuaji wa uzazi, 412.

Nsimire alishapona tangu Jumatatu iliyopita.
Kila usiku namwandikia 31:
kitanda anacholalia
kwa kuwa hajalipa kitanda.
Mumewe yuko machimboni Kamituga, simu haiiti.

Kesho daktari mkuu atapitia daftari.
Macho yake mabovu, na mwandiko wangu,
wote wanajua, nyayo za kuku.
Kalamu imeteleza: 421.
Kung'oa jino. Dola tano, alizonazo.

Asubuhi mlinzi akaisoma karatasi,
akalitazama furushi kifuani
linalolia kwa ufizi mtupu,
akafungua geti.
"Pole na jino, mama."