Mguu wa Kulia

Alfajiri, Mkanyageni bado giza.
Machungwa ya Muheza nyuma, magunia sitini,
nami natazama saa, si barabara:
soko la Mgandini halimngoji mtu.

Kishindo hakikuwa kikubwa.
Kama mlango uliofungwa na mtu
asiyetaka kuamsha watoto.

Sufiani, utingo wangu, akasema: Dereva, mtu.
Nikasema: Mbuzi.
Akasema: Mbuzi hapandi baiskeli.

Mguu wa kulia ndio uliomjibu.
Ukakanyaga mafuta.

Sheria naijua. Niliitaja bila kukwama siku ya leseni
mbele ya afande aliyekuwa akila mhogo wa kukaanga:
simama, saidia, taja jina lako, toa taarifa.
Ukiogopa mawe ya watu, nenda kituoni.
Kituoni, si sokoni.
Nilipata alama zote.

Mkonge ukapita safu kwa safu,
kila jani na mwiba wake mweusi nchani,
nami napanga mashahidi wangu:
hakuwa na taa; ilikuwa giza;
watanichoma pamoja na machungwa;
nina watoto watatu.
Yeye anao wangapi?
Nikageuza jicho kwenye kioo cha pembeni.
Hakuna kioo.
Kimebaki kule, kinamtazama kwa niaba yangu.

Karibu na Pongwe, taa ya polisi ikaonekana, ndogo, ya manjano.
Sufiani akafungua mlango gari likienda,
upepo ukaingia na harufu ya maganda.
Hakunisihi. Alisema tu:
Mimi nashukia hapa.

Basi mguu ukahama.
Kutoka pedali hadi pedali ni upana wa kiganja.
Sijawahi kwenda safari ndefu kama ile.

Tulirudi na askari wawili na fomu ya PF3.
Mbelwa Shekiondo, fundi cherehani,
alikuwa ameketi majanini, ameshika paja,
kioo changu kando yake, kizima.
Alikuwa hai.
Dakika arobaini alikuwa hai peke yake.

Bombo, muuguzi akauliza ajali ilitokea saa ngapi,
akaandika.
Mmemfikisha saa ngapi,
akaandika.
Kati ya saa hizo mbili
karatasi ilikuwa na nafasi nyeupe,
kama kidole kimoja hivi.
Mbelwa akaitazama,
kisha akanitazama mimi,
miguuni.