Mwaka wa Moto Nao Uhesabiwe

Barua niliichapa mimi,
Jumanne, umeme ukija na kukatika,
maneno akinisomea mkuu wa chuo, amesimama, koti mkononi:
Bwana Batachoka, taasisi inakushukuru
kwa miaka ishirini na mbili ya kufundisha kandanda.
Nikapiga muhuri. Wino ulikuwa haba, nikapiga tena.

Hakuna aliyekumbuka pale ofisini
kwamba nami niliwahi kuvaa jezi yake,
namba kumi na nne, miaka minne,
nikiivua kila Jumamosi kavu kama ilivyoanuliwa.
"Akiba haiozi," aliniambia.
Nilioza, juu ya ubao wa mkaratusi,
nikimtazama kisogo.

Kisogo cha kocha kina lugha yake.
Tukifungwa, kofia ilisogea mbele kidole kimoja.
Tukifunga, haikusogea.
Mara ile tuliyovuka Kivu kwa meli ya usiku,
nusu ya timu wakitapikia ndoo moja,
tukafika Bukavu, tukachapwa manne na watoto wa ualimu,
kofia ilifika puani
akaiacha hapo hapo mpaka Goma.

Jina lake tulilikimbilia mazoezini:
ba-ta-choka! ba-ta-choka!
Wao ndio batachoka, siye hatuchoki.
Tulichoka. Uwanja wa Ndosho ni jiwe lililosagwa,
jeusi, lenye meno.
Mpira mpya uliishi wiki mbili,
na goti halikupona kabla ya goti la pili.
Vyote alivitibu mwenyewe:
mipira kwa sindano ya magunia,
magoti kwa maji ya chumvi na matusi ya upole.

Alikuwa na daftari la hesabu, mtu na ukurasa wake.
Kitsa: anaona kushoto tu.
Muhima: mzito kipindi cha pili. Chini yake, kwa kalamu nyingine:
muulize kama jana alikula.
Ukurasa wa Bauma, nahodha, namba sita,
unakatika katikati ya sentensi.
Bauma alitoka kununua makaa, wiki ile ya risasi.
Jezi ya sita hakugawiwa mtu tena;
inafuliwa na wenzake, inaanikwa, inakunjwa.
Wangu, ukurasa wangu, sikuwahi kuuona.

Klabu moja ya ng'ambo ya mpaka ilimwita.
Alikaa wiki tatu.
Mshahara ulikuja kwa tarehe, nyasi zilinyweshwa alfajiri.
Akarudi juu ya chukudu, mkoba mapajani:
"Kule mpira ukidunda unarudi pale pale.
Sasa mimi nitawafundisha nini?"
Tukacheka. Chuo kilikuwa na deni lake
la miezi kumi na mmoja.

Alhamisi akaja kuchukua barua.
Aliisoma polepole, miwani ya mguu mmoja,
akaiweka mezani, kidole juu ya namba.
"Ni ishirini na tatu."
Nikamwambia faili linasema, mwaka ule hapakuwa na ligi,
hapakuwa na mechi hata moja, uwanja ulikuwa chini ya moto wa mlima.
"Uwanja, ndiyo. Sisi tulikuwa juu yake.
Tulikuwa saba. Tulikimbia asubuhi, jiwe bado lina joto,
soli zikinuka. Jioni tukarudi tena.
Mwaka wa moto nao uhesabiwe."

Nilifuta mbili, nikaweka tatu.
Mkuu wa chuo sikumuuliza.
Umeme ulikatika kabla karatasi haijatoka,
tukakaa gizani dakika kama kumi, yeye na mimi,
bila kusemezana, tukisubiri, jambo
ambalo mimi, walau, nililizoea.

Mwanga uliporudi alinitazama kama anayesoma jezi.
"Kumi na nne," akasema.
"Ulikuwa ukikaa upande wa jua."

Basi.
Akaikunja barua mara nne, kingo kwa kingo,
jinsi inavyokunjwa ile ya sita,
akashuka ngazi, mguu mmoja kwanza,
kofia mahali pake.