Tundu la Sita

Fundi Moidini, mtu wa Kerala,
duka lake Ruwi ni upana wa mlango wake,
aliniuliza kwa Kiarabu cha sokoni:
mkono upi?
Sikuwa na jibu. Nina miaka arubaini na tatu.

Saa ni ya baba. Mkanda una matundu matano
na hata la mwisho linacheza kwenye kifundo changu
kama bangili ya kuazima.
Tutoboe la sita, alisema, lakini useme kwanza:
mkanda huzoea upande,
ukiuhamisha unalalamika.

Mimi ni mashoto.
Bi Thuwaiba, mama yake baba, alilijua hilo
siku niliyopokea kijiko.
Akachana upindo wa kanga kuukuu,
akaufunga mkono ule kiunoni mwangu
mpaka sinia liondolewe.
Mkono wa kulia, mjukuu wangu, ni wa kulia.
Nikatii. Nilikula kwa huo,
na machozi niliyafuta kwa huo huo,
jina likatimia mara mbili.

Baba alitazama sinia. Hakusema kitu.
Usiku, baada ya Isha, aliniletea penseli,
akailaza katikati ya meza,
si huku, si kule,
akaenda kushughulika na kiyoyozi ambacho hakikuwa kibovu.

Fundi akavaa lenzi jichoni,
akaigeuza saa kwenye taa, akaigeuza tena.
"Mzee aliivaa kushoto?"
Maisha yake yote. Mundhir, aliyemuosha,
alisema pale palikuwa na pete ya ngozi nyeupe,
pana kama kidole,
ambayo jua la Maskati halijaiona tangu mwaka sabini na nne.
"Basi alikuwa mashoto," akasema Moidini
kama mtu anayetaja bei.
"Mkono usio na kazi hauchubui kioo hivi.
Tazama: ukuta, bisibisi, ukuta.
Huu ndio uliowalisha."

Maji yalidondoka kwenye ndoo nyuma ya kaunta.

Baba, fundi umeme,
uliyekula kwa kulia, ukaamkia watu kwa kulia,
ukatia sahihi kwa kulia,
herufi zikisimama mbalimbali kama wageni msibani.
Juu ya ngazi tu, kichwa ndani ya dari,
ulikuwa mtu wako mwenyewe.
Nani aliyekufunga, sihitaji kuuliza.
Nauliza tu kama kanga ilikuwa ile ile.

Na sisi ni watu wa saa ya Kiswahili:
mshale mfupi ukigusa saba, tunasema moja.
Tumelelewa tukijua jibu hukaa ng'ambo ya uso.
Mbona sikuwahi kutazama ng'ambo yako?

"Mkono upi, dada?" Koleo la kutobolea lilikuwa wazi.
Nikaunyosha wa kulia.
Si kwa adabu.
Huo umekula miaka yote hii kwa jasho la mwenzake,
nao ubebe kitu.
Wa kushoto nimeuacha mtupu,
usifungwe na chochote,
hata na wewe.

Sasa kifungo cha majira kinatazama kiwiko,
kila alfajiri naivua ndipo niitie ufunguo.
Mkanda unalalamika, kama alivyosema.

Ijumaa tulikuwa Hail, kwa shangazi Rayya.
Nilipotia mkono kwenye kabuli
samli ilipanda mpaka kwenye tundu jipya.
"Vua saa, we mtoto, mkono huo si wa saa."
Nikamweleza habari ya fundi wa Ruwi
na alichokiona kwenye kioo.
Shangazi hakujibu.
Alipekua wali kwa ncha za vidole,
akapata kipande cha nyama chenye mfupa laini,
akakisukuma mbele yangu,
kidogo upande wa kushoto.