Nilificha Sukari

Nilificha sukari katika chungu cha bibi,
juu kabisa, nyuma ya sufuria za Noeli.
Akonkwa akaiona.
Nilificha faranga za sambaza ndani ya soksi,
soksi ndani ya kiatu, kiatu ndani ya gunia la makaa.
Akaziona nazo, akaniletea mbio,
"Mama, ulipoteza hizi,"
mikono myeusi hadi viwiko.

Miaka sita. Sebule na chumba.
Ukuta wa mbao usiozuia hata kikohozi cha jirani.
Basi niambie, Zihindula,
wewe unayerudi toka zamu saa tano za usiku
na bunduki ya serikali begani kama jembe,
kwa kuwa kituoni hakuna kabati
na ukiiacha huko asubuhi huenda usiikute,
niambie: chini ya kitanda ndiyo wapi?
Chini ya kitanda ndiko mpira unakokimbilia.
Chini ya kitanda ndiko paka alikozalia.

"Nimemkataza," akasema.
Ulimkataza pia mapera mabichi ya Mama Nsimire.
Liulize tumbo lake.
"Ameniapia."
Mtoto huapa jioni.
Asubuhi huamka mtoto mwingine.

Sikutaka kumtaja yule mvulana wa kule juu, karibu na kinu.
Usiku ule nilimtaja.
Haikuwa vita, sisi tuliozoea kuvihesabu.
Ilikuwa Jumapili, watu wametoka misa,
dada yake anasuka nywele za mwanasesere wa majani ya mahindi,
naye akasema "Mikono juu!"
kwa sauti ya baba yake.
Alikuwa anacheza.
Chuma hakijui kucheza.

Zihindula alikuwa amevua buti moja.
Akakaa nayo mkononi, kimya,
mvua ikigonga mabati,
mpaka mshumaa ukaisha.

Kesho yake nikashuka ngazi za Kadutu
na pesa ya kitenge cha Machi nane.
Fundi Cirhuza akaligonga pipa tupu la mafuta:
"Sanduku la nini, mama? La unga?"
"La usingizi," nikamjibu.
Lakini koranti ilikuwa imekatika.
Siku moja. Mbili. Tatu.
Usiku zote tatu niliilaza upande wa ukuta,
mbavu zangu zikawa mlango.
Mtoto akigeuka huko sebuleni, nashtuka.
Akinyamaza, nashtuka zaidi.

Siku ya nne taa zikawaka mtaa mzima,
watoto wakapiga mayowe, "Imekuja! Imekuja!"
nami nikatega sikio nisikie nyundo ya Cirhuza.

Lina vyumba viwili:
bunduki kwake, risasi kwake,
kama mume na mke waliogombana.
Limefungwa kwa bolti sakafuni.
Ufunguo mmoja uko shingoni mwa Zihindula, pamoja na msalaba,
wa pili uko kwenye fundo la kitenge changu,
kile cha mwaka juzi.
Alicheka. "Askari mzima aombe ruhusa kwa mkewe?"
Aombe.

Sasa akirudi husimama nje kwanza,
mdomo wa chuma ukiangalia udongo,
anatoa risasi, anahesabu kwa sauti.
Nami nahesabu nyuma yake
kama muuza maharage asiyemwamini mnunuzi.
Tukitofautiana hata kwa moja, hatulali.

Jana Akonkwa alikaa juu ya sanduku,
akilipiga kwa visigino, du, du, du.
"Mama, humu ndani muko nini?"
Ningeweza kusema nyoka. Ningeweza kusema mizimu.
Nikasema: bunduki ya baba.
Si yako, wala si yangu.
Na siku ukiona nyingine, popote,
kwa rafiki, kichakani, kandokando ya ziwa,
usiiguse. Kimbia, uite mtu mzima.
Hata kama wenzako watakucheka.

Akafikiri. Visigino vikatulia.
"Na sukari, mama?
Umeihamishia wapi?"