Milimita Kumi na Mbili

Anza na meza, si na treni.
Mbao ikipinda, njia nayo itapinda,
na mbao za Nyakato hupinda masika yakibisha tu hodi.
Paka vanishi juu na chini,
hasa chini, pale wanapopasahau
wenye haraka ya kusikia honi.

Reli zangu ni spoku za baiskeli,
nilizonunua kwa kilo kwa Kwilasa, fundi wa Mabatini,
nikazinyoosha moja moja juu ya kigae
mpaka zikabingirika bila kuyumba.
Mataruma ni vijiti vya aiskrimu, vimepasuliwa kwa wembe,
vikalala usiku kucha ndani ya chai ya rangi
ili viamke na umri.

Hesabu inasema reli na reli ziachane
milimita kumi na moja na nusu.
Magurudumu niliyoyapata yanasema kumi na mbili,
na njiani gurudumu ndilo lenye kauli.
Nilikata kipimo cha bati. Hupita kila hatua
kama mkaguzi asiyepokea soda.

Kwenye kila kiungo acha nafasi, unene wa vocha.
Chini ya paa la bati, saa nane mchana,
chuma huvuta pumzi;
usipokiachia pa kutanukia kitainua mgongo kama paka,
na mabehewa yatalala ubavu pale Mantare.

Kokoto ni mchanga wa Igombe, nimeuchekecha kwa soksi.
Umwage mkavu, uupange kwa brashi ya wanja,
kisha gundi nyeupe, nusu yake maji,
na tone moja la sabuni ya vyombo.
Bila sabuni gundi husimama juu ya mchanga kama shanga,
inakataa kuingia.

Mawe nilidhani nimeyapata bure. Mji wetu wote ni mawe!
Nikaokota ya Kirumba, nikayapanga kando ya njia.
Yakawa changarawe.
Jiwe la kweli likiwa dogo husema uongo.
Ikabidi nimwage jasi ndani ya karatasi ya alumini iliyofinyangwa,
niyanyweshe maji meusi, yashuke kwenye nyufa,
na nyeupe kidogo utosini, pale mnandi wanapojisaidia.

Ubavuni mwa reli napaka kutu.
Juu ya reli nafuta kutu.
Kalamu moja ya rangi, kitambaa kimoja cha spiriti,
jioni moja.
Msasa usiuguse: huchimba mifereji, uchafu ukapata kitanda.
Na wale wadudu wa ziwani wakija kwa mawingu,
funika meza kwa shuka kabla hujawasha taa.
Bawa moja ndani ya gia, na injini inalia kama mbu.

Baba alikuwa genge la njia,
Malampaka hadi Bukwimba, miaka thelathini na mmoja.
Macho yake sasa ni ukungu.
Alinikuta usiku wa tatu, treni inakufa nyuma ya Fela,
pale pale, kila mzunguko.
Nilikuwa nimebadili waya, nimelehemu upya,
nimewatukana watu wa umeme bure.
Akavuta kigoda. "Isukume kwa mkono."
Nikaisukuma.
"Kiungo cha nne toka darajani. Kinagonga mara mbili."
Nikapitisha ukucha: kweli, kichwa kimoja cha reli kimeinuka,
na gundi yangu mwenyewe imejipenyeza kati,
imekauka, imekata umeme kimya kimya.

Tangu siku ile kila kipande cha reli nakipa waya wake,
mwekundu kushoto, mweusi kulia.
Siamini tena kiungo kubeba alichobebeshwa mwenzake.

Treni ikapita mara sita. Baba kimya, sikio mezani.
"Kasoro moja," akasema. "Haichelewi."

Stesheni ya Mwanza Kusini bado sijaimaliza, paa lake linanishinda.
Lakini leo nimefunga swichi chini ya meza,
upande wa kigoda chake,
mahali mkono wake unapoangukia.